Bangili ya Marehemu

Mke wangu huu ni mwaka wa pili yuko chini ya udongo, na serikali inasema kila jioni anarudi nyumbani kabla jua halijazama. Mimi nisingeyajua hayo kama asingekuja yule binti wa miwani.

Nilikuwa barazani, nimepindua kochi la watu miguu juu, misumari midogo imejaa mdomoni. Ndiyo kazi yangu, fundi makochi. Fundi makochi anakaa chini siku nzima, kwa hiyo mtu akija mimi huanza kumjua kwa miguu. Miguu hii ilikuwa na viatu safi mno kwa mtaa wetu, soli haijui tope. Nikajisemea moyoni, haya, watu wa ofisini wameshafika.

“Shikamoo mzee.”

“Mmh.”

“Samahani, ni hapa kwa mama...” Akataja jina la mke wangu. Alilitaja lote, lake, la baba yake na la babu yake, kama mtu anavyoitwa mahakamani au siku ya kuzikwa.

Nikaitema misumari kiganjani. “Wewe nani?”

“Mimi ni mtafiti, mzee. Natoka chuo kikuu. Nafanya utafiti wa—”

“Ngoja kwanza. Mwenzio alikuja hapa kutafiti mbu. Aliondoka na pasi yangu. Lete kitambulisho.”

Akanipa. Nikakigeuza, nikakikunja kidogo nione kama plastiki yake ni ya kweli. Shule sikumaliza, lakini sura ya mtu naisoma.

“Huyu siye wewe. Huyu mnene.”

“Ni mimi, mzee. Hapo nilikuwa bado nakula. Digrii hii imenimaliza.”

Nikamrudishia, lakini sikumkaribisha ndani. Akakaa kwenye ukingo wa kochi bovu, akaanza kunieleza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. Alikuwa anachunguza watu waliohukumiwa kifungo cha nyumbani, wale wanaofungwa kifaa mguuni, wasivuke mipaka waliyowekewa. Hasa aliwataka wale waliohukumiwa kwa kuiba majina ya wenzao, wanaofungua laini za simu kwa kitambulisho cha mtu mwingine kisha wanawauzia matapeli. Alitaka kujua kama bangili ile inawabadilisha au inawafanya waone aibu tu.

“Na mama yuko kwenye watu wangu,” akasema. “Nimempigia simu mara nyingi, hapatikani.”

“Hapo umesema kweli. Hapatikani.”

“Ametoka?”

“Amekufa.”

Akafungua kibao cha kioo alichokitoa mkobani, akapapasapapasa, akakunja uso. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani chuoni kwao walimkataza. Alinionyesha. Ilikuwa ramani ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka juu. Niliujua mti wa jirani, nikalijua bati langu lenye kiraka cha buluu. Katikati ya kiraka palikuwa na nukta nyekundu.

“Jana alilala hapa, mzee. Na juzi. Hajavunja masharti hata siku moja. Hata sasa hivi...” Akatazama mlango wa nyumba yangu. “Hata sasa hivi yumo ndani.”

Kwa muda mfupi moyo wangu ulifanya upumbavu. Ulitaka kuinuka ukaangalie jikoni.

Kisha hasira zikanijia, nashukuru, maana hasira nimezizoea. Watu hawa walimlaza mke wangu sakafuni hospitalini kwa sababu kitanda hakuna. Walipomaliza kumuua kwa uzembe wakanizungusha kwa karatasi ya kifo: mtandao uko chini, njoo kesho, mwenye muhuri kasafiri. Nilipoipata nikadhani yamekwisha. Kumbe ofisi moja imemzika, na ofisi ya pili, mlango wa pili koridoni, imemfufua ikamfunga mguu. Mwanamke ambaye maishani mwake hakuchukua hata sindano ya mtu ameandikwa mwizi.

Nikamwambia binti wa miwani, “Jina hilo litatoka huko lilikoandikwa, hata kama nitakufa nikilifuata.”

Kabla hajaondoka nilimuuliza kifaa chenyewe kinaishi kwa kitu gani. Akasema kwa chaji. Kila siku aliyekivaa anakaa saa mbili hivi karibu na ukuta, waya umetoka kwenye soketi umeingia mguuni, kama mbuzi kwenye kigingi. Asipochaji kinatetemeka, halafu kinalia, kikizima kabisa polisi wanakuja.

“Usimwambie mtu kuwa nimekuonyesha,” akaniomba.

“Nimwambie nani? Mke wangu?”

*

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ya bangili. Mkubwa wa pale alikuwa na kiti cha ngozi kilichopasuka mgongoni, na ndani ya ule mpasuko sponji imeoza. Mtu asiyeweza kutunza kiti chake ndiye amepewa kutunza watu. Nilimwekea karatasi ya kifo mezani. Hakuigusa.

“Mzee wangu, kompyuta haidanganyi. Huyu mama alikuja mahakamani kwa miguu yake, akaulizwa jina akaitikia, akakiri. Kifaa alifungwa hapahapa, mimi nikiwepo.”

“Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Alikuwa mtu wa umri gani?”

Akatazama kompyuta. “Hamsini na sita.”

“Siiulizi kompyuta. Nayauliza macho yako.”

“Mzee, hapa wanapita watu wengi.”

“Na alama za vidole? Hamkupima?”

“Mashine ilikuwa mbovu.” Akaegemea, kiti kikalia. “Sasa nisikilize vizuri. Mfungwa wetu analala kwako. Ukisema hayupo, basi wewe mwenye nyumba ndiye utakayetueleza umemficha wapi.”

“Nimemficha mahali pazuri. Chukueni majembe.”

Akanionyesha mlango.

Njiani kurudi nilianza kuhesabu watu wa nyumba yangu. Tuko watatu tu. Mimi. Binti yangu, mwanangu wa pekee, aliyeacha kazi yake ya kusajili laini za simu miezi kadhaa baada ya msiba na sasa ananishonea foronya za makochi kwa cherehani ya umeme. Na mpangaji wa chumba cha uani, msusi wa nywele, ambaye mtaa mzima tunamwita Soksi, kwa sababu jua liwake lisiwake, hajawahi kuonekana bila soksi.

Soksi! Nikasimama katikati ya njia, baiskeli ikanipigia kengele. Alihamia lini? Baada ya mazishi. Nguo za marehemu zilifungashwa na nani baada ya arobaini? Soksi alisaidia. Kitambulisho cha mke wangu tangu hospitalini sikukiona tena, na mimi nikadhani kimepotelea kwa manesi. Nikafika nyumbani nimekwisha kumhukumu.

Nikaanza kumvizia. Akikaa karibu na ukuta, naangalia. Akijifunika kanga miguuni, naangalia. Binti yangu akaliona hilo, akaniambia, “Baba, mwache mwenzio. Utasemwa.”

“Nisemwe tu.”

“Kwani kakufanyia nini?”

“Atakuja kunieleza mwenyewe.”

Akainamia foronya yake. Mimi nikadhani anamwonea huruma mwenzake.

Siku iliyofuata nikajifanya naosha baraza. Soksi alipopita nikateleza na beseni, maji yote yakamwagika miguuni kwake. Nikapiga kelele za pole, pole sana, nikamletea kigoda, nikamwambia avue asije akapata baridi. Akanitazama kwa muda, akakaa, akavua soksi moja, akavua na ya pili. Bangili haikuwepo. Miguu yake ilikuwa imeungua zamani sana, ngozi imejikunja kama plastiki iliyopitiwa na moto, vidole vingine vimeshikana.

“Maji ya moto, nikiwa mtoto,” akasema. Nikakosa pa kuweka uso. Ndipo akaangua kicheko. “Fundi, kama ulitaka kuniona miguu ungesema tu! Mimi nawe wote wajane, nani angetukataza? Beseni zima la maji? Loo, mapenzi ya wazee yana gharama!”

Alimsimulia kila mteja aliyekuja kusukwa. Siku nzima nasikia vicheko uani.

Sasa watu watatu, ukimtoa Soksi, na ukinitoa mimi. Hesabu hiyo hata mimi niliyekimbia shule naiweza, ila sikutaka kuifanya. Nilijipa sababu nyingine. Pengine mwizi amekikata kifaa akakitupa darini kwangu. Pengine kimefukiwa uani. Pengine ni wao wenyewe wakubwa, wamebandika nukta juu ya bati langu ili hesabu zao zitimie. Wale hawashindwi.

Lakini usingizi ulipokataa, mambo yalikuja yenyewe. Kwamba binti yangu tangu mwaka jana amevaa magauni marefu yanayofagia sakafu, nami nilijivuna kwa watu kuwa mwanangu anajua kuomboleza. Kwamba hatoki, na akienda sokoni anarudi mbio, nami niliwaambia majirani, tazameni mtoto aliyelelewa. Kwamba kila alasiri anashona akiwa amekaa kwenye pembe ileile, nyuma ya kabati, palipo na soketi.

*

Umeme wa nyumba yangu una swichi kubwa, nayo iko barazani nyuma ya marobota ya sponji. Asubuhi nikaizima. Kisha nikasimama mlangoni nikawatukana watu wa umeme, baba zao na mameneja wao, kama ninavyowatukana siku zote. Hakuna aliyeshuku. Hiyo ndiyo faida ya mtu kujulikana kwa jambo moja.

Binti yangu akatoka. “Baba, naenda kwa jirani kuchaji simu.”

“Simu itangoja. Mwenye kochi hili analifuata leo. Kaa hapa, tushone kwa mkono.”

“Ni mara moja tu, baba.”

“Mama,” nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, “nisaidie baba yako.”

Akakaa. Kochi lilikuwa bado mifupa mitupu, mbao bila sponji wala kitambaa. Yeye alikaa kwenye ubao wa upande mmoja, mimi nikachuchumaa upande wa pili na nyundo. Tukafanya kazi hadi mchana ukapita. Alikuwa anajichoma sindano. Kila nikiinua macho, naye anatazama balbu ndani kama iliyoahidi kuwaka. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kilie darini.

Hakikulia darini. Kwanza nilikisikia mkononi. Nilikuwa nimeshika ubao wa kochi nipige msumari, ubao ukaanza kunguruma, taratibu, kama paka anayekorota. Ukanyamaza. Ukanguruma tena. Mtetemo ulikuwa unatoka upande wake, ukipita kwenye mbao unakuja kwangu.

Nikaiweka nyundo chini. “Mama, simama.”

Hakusimama. Ndipo kikalia, kisauti chembamba kama cha kifaranga, chini ya gauni. Akalivuta pindo mwenyewe. Bangili nyeusi, nene, ngozi ya pembeni imechubuka na kupona, imechubuka na kupona.

“Baba, nisikilize.”

“Nasikiliza. Na hicho nakisikia.”

Akasema huku kinalia. Kule kwenye laini za simu alijisajili uwakala kwa kitambulisho cha mama yake, kilichobaki kwenye mkoba wake tangu hospitalini. Wateja wakija kusajili laini moja, yeye anawafungulia mbili, ya pili anawauzia watu fulani. Watu hao wakatapeli wengine. Polisi walipofuatilia walikuta jina la wakala. Wakaja kwenye kibanda wakamuuliza, wewe ndiye fulani binti fulani?

“Nikatazama ile picha ya mama waliyoishika, baba. Tunafanana. Nikasema ndiyo, ni mimi. Siku za mahakamani nilikuaga kuwa naenda kazini.”

“Binti wa miaka ishirini na tisa. Wakaamini una hamsini na sita.”

“Hakuna aliyenitazama.”

“Labda waliona umetunzwa vizuri.”

Hakucheka, wala mimi sikutaka acheke. Akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. “Nilifikiri, mimi bado nina maisha, nitatafuta kazi, nitaolewa. Mama haombi kazi tena. Jina lake halimuumizi. Mama mwenyewe angekubali, baba, unajua angekubali.”

Hapo ndipo aliponichoma. Kwa sababu ni kweli. Angekubali. Mke wangu alikuwa anakubali kila kitu. Walipomwambia alale sakafuni alisema hakuna neno, wapo wagonjwa kuliko mimi. Walipomwambia dawa zimekwisha alisema ahsante. Alikubali mpaka akafa.

“Angekubali,” nikasema. “Mimi sikubali.”

Kile kitu kikaongeza mlio. Binti yangu akatazama njia. “Kikizima wanakuja kunichukua. Umeme ukirudi tu, baba, ukirudi tu...”

Ningekiacha kikazima, wakaja, wangemchukua mke wangu mbele ya majirani, jina lake likitajwa kwa sauti. Nikainuka, nikasukuma marobota, nikaiwasha swichi. Redio ya Soksi ikalipuka uani katikati ya wimbo.

Binti yangu alinikodolea macho. “Kumbe ni wewe uliyezima?”

“Kumbe ni wewe marehemu?”

Akaenda kwenye pembe yake nyuma ya kabati, akachomeka waya. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake hadi kilipojaa. Nilimwambia tu kwamba kesho tunakwenda, na kwamba atakwenda na jina lake.

“Nikikataa?”

“Nitakwenda mwenyewe. Lakini mama yako alikupa jina kwa mdomo wake. Sipendi liende kutajwa na mtu mwingine.”

Alilia akiwa amefungwa ukutani, na mimi sikumfuta machozi.

*

Nilimwita yule binti wa miwani aje, kwa namba aliyoniachia, kwa sababu wakubwa wanaogopa mtu anayeandika. Mkubwa wa bangili alitusikiliza wote, kisha akamfukuza karani na kufunga mlango mwenyewe. Sasa sauti yake ilikuwa tamu.

“Mzee wangu, mambo haya tuyafanye kiutu uzima. Zimebaki wiki chache tu marehemu... yaani, mama amalize adhabu. Mkikaa kimya, kifaa kinatolewa, faili linafungwa, kila mtu anarudi nyumbani.”

“Marehemu atarudi nyumba ipi?”

“Atapewa hata cheti cha mwenendo mzuri.”

“Kwenye utafiti wangu ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote,” binti wa miwani akasema polepole, kama anayejisemea. “Hajavunja sharti hata moja.”

“Marehemu huwa hawavunji,” nikamwambia.

Mkubwa akamgeukia binti yangu. “Wewe dada ndiye utakayeumia. Tukifungua hili, miezi uliyovaa hiyo bangili haihesabiki, maana aliyevaa si wewe. Unaanza upya kwa jina lako, na kosa la kudanganya mahakama juu yake. Au nenda nyumbani, ungoje wiki zako. Fikiri vizuri.”

Akafikiri. Niliona anafikiri. Na sijui kama ningekuwa yeye ningefanya nini, kwa hiyo nilitazama ile sponji iliyooza kwenye kiti. Wiki chache, halafu miguu mitupu, gauni fupi, jina safi. Mzigo wote kwa mtu asiyeweza kukataa.

Binti yangu akavua kiatu. Akauinua mguu akauweka juu ya meza ya mkubwa, kati ya simu na kikombe cha chai, akataja jina. Lake. Lote, na mwisho wake likaishia kwangu.

Mkubwa akautazama mguu, akaitazama kalamu ya binti wa miwani, ambayo ilikuwa inaandika. Nadhani ni kalamu iliyomshinda. Akaita fundi wao.

Fundi akaikata ile ya zamani kwa koleo. Ya pili alikuwa ameshaiandaa mkononi. Kati ya kukata na kufunga, mguu wa mwanangu ulikuwa mtupu kwa muda mfupi sana, na katika muda huo akainama akajikuna, kwa kucha zote, kwa nguvu, kama mtu aliyengojea hilo mwaka mzima. Kisha fundi akasema samahani dada, akafunga. Tarehe ya mahakama akaambiwa ataletewa nyumbani, maana nyumbani anajulikana.

Mimi sikuondoka. Nikamwambia mkubwa ageuze kompyuta niione.

“Jina limeshafutwa, mzee.”

“Geuza.”

Akageuza. Sisomi sana, lakini jina la mke wangu nalijua hata likiandikwa kwa mkaa gizani. Nikapitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, binti yangu kasimama nyuma yangu na bangili yake mpya ikiwaka taa ya kijani. Sikuliona. Kidole changu kikafika chini kabisa.

“Umeridhika?” mkubwa akauliza.

“Tafuta tena,” nikamwambia.